Kiseyeye cha Samaki: Historia ya Vifaranga Wanaopinda Mgongo

Ushawahi kumwona samaki mwenye kibiongo? Hatusemi samaki aliyejikunja kwenye kikaango. Tunasema samaki mzima, anaogelea, lakini mgongo wake umepinda kama herufi S. Sisi tulikuwa hatujawahi, mpaka siku moja tulipokwenda Dunda, Bagamoyo, kumtembelea mzee mmoja anayefuga sato nyuma ya nyumba yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni mwone nilivyoibiwa."

Ana matangi matatu ya saruji, safi kabisa. Maji anayabadilisha kila mara, na ukichungulia unaona mpaka chini. Humo ndani vifaranga, urefu wa kidole cha shahada, wengine sawa tu, lakini wengi wamepinda: huyu upande wa kushoto, yule kifua kimetuna, mwingine anaogelea kwa kujivuta. Kila asubuhi, mzee alituambia, anawatoa wachache waliokufa.

Alikuwa ameshatoa hukumu: ameuziwa mbegu mbovu. Mwenye kituo alichonunua kamtapeli, na yeye hanunui tena kwake. Tukamuuliza kama wote wako hivi. Akatujibu kwamba wale wa shemeji yake hawana shida. Shemeji gani tena? Kumbe siku ile ya kununua waligawana mfuko mmoja. Nusu wakaja hapa kwenye matangi, nusu wakaenda kwenye bwawa la udongo la shemeji, lenye maji ya kijani ambayo mzee mwenyewe anayaita "uchafu ule". Na wale wa kwenye uchafu wamenyooka kama rula.

Hapo tukatazamana. Mbegu ni ile ile, siku ni ile ile, mfuko ni ule ule. Kama kosa ni la mbegu, mbona limechagua nyumba?

Tukauliza kuhusu chakula. Mzee anachanganya mwenyewe: pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa wa kusaga. "Na vitamini je?" "Vitamini naweka, wanangu, msinione mshamba." Akatuletea kopo. Lilikuwa na picha ya kuku.

Makala hii ni maelezo ya lile kopo. Ukitaka kuelewa kwa nini kopo la kuku halikuwasaidia samaki wa Dunda, inabidi urudi nyuma miaka kama 500. Na bahati nzuri hadithi yenyewe inaanzia pwani hii hii.

Machungwa ya Malindi

Mwaka 1498, mwezi wa Aprili, meli za Vasco da Gama zilipita mbele ya pwani yetu zikielekea kaskazini. Mabaharia wake wengi walikuwa wagonjwa. Fizi zinavimba, meno yanalegea, miguu inajaa, makovu ya zamani yanafumuka upya. Kiswahili kina jina la ugonjwa huo: kiseyeye. Karibu na Mtangata, upande wa Tanga, meli mojawapo, São Rafael, ilikwama kwenye fungu la mchanga, na wenyeji wakawafuata kwa mitumbwi, mmoja ukiwa umepakia machungwa. Walipofika Mombasa na Malindi wakapata machungwa zaidi, na wagonjwa wakaanza kupata nafuu. Shajara ya msafara huo ina habari hizo.

Safari ya kurudi ndiyo iliyowaumbua. Kuvuka kutoka India mpaka pwani ya Afrika kuliwachukua karibu miezi mitatu, kwa sababu walikwenda kinyume cha msimu wa pepo. Waswahili na Waarabu wasingethubutu kufanya hivyo; wangesubiri kaskazi. Watu wapatao 30 walikufa njiani, na waliobaki wenye nguvu ya kufanya kazi walikuwa 7 au 8 tu kwa kila meli. Januari 1499 wakafika Malindi wakiomba machungwa. Kwa wengine yalikuwa yamechelewa. Siku chache baadaye, karibu na Mtangata pale pale, wakaichoma moto São Rafael. Meli haikuwa mbovu kiasi hicho. Ila watu wa kuiendesha hawakuwepo tena.

Yaani chombo kizima kiliteketezwa kwa sababu ya kukosa kitu kilichomo ndani ya chungwa. Wala shida haikuwa njaa. Biskuti walikuwa nazo, na nyama ya chumvi pia. Tumbo lilijaa, na mwili ukaendelea kulegea.

Kitu kisichoonekana kwenye sahani

Mwaka 1747 daktari wa meli ya Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili. Kila jozi ikapewa kitu chake: siki, maji ya bahari, na kadhalika. Jozi moja ilipewa machungwa na malimau, na ndiyo iliyopona haraka. Ona jinsi alivyofanya. Wagonjwa walikuwa wa aina moja kwenye meli moja, tofauti ikawa kwenye kitu kimoja tu. Mzee wa Dunda na shemeji yake walifanya jaribio la namna hiyo hiyo bila kukusudia.

Lakini Lind hakujua ndani ya limau kuna nini. Jibu lilichelewa, na moja ya sababu ni kwamba wanasayansi hawakuwa na mnyama wa kufanyia majaribio. Ukimnyima panya au mbwa matunda, hapati kiseyeye. Bahati ikatokea Norway mwaka 1907. Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha nafaka tupu simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa kwa nyama huko nyanda za juu kusini, wakitafuta habari za ugonjwa mwingine kabisa. Simbilisi wakapata kiseyeye.

Mwaka 1912 Casimir Funk akaleta neno "vitamini", akimaanisha vitu vinavyohitajika kwa kiasi kidogo sana, lakini ukivikosa unaumwa. Kufikia 1932 watafiti, wakiwemo Albert Szent-Györgyi na Charles Glen King, walikuwa wameonyesha kuwa kitu cha kwenye machungwa ni asidi fulani, ambayo leo tunaiita vitamini C.

Sasa weka hili akilini, maana ndilo ufunguo wa kopo la kuku: wanyama wengi hujitengenezea vitamini C wenyewe. Mbwa anatengeneza, mbuzi anatengeneza, kuku anatengeneza. Wanaoshindwa ni wachache, na kila mara sababu inafanana: jeni ya kimeng'enya cha mwisho katika utengenezaji imeharibika zamani za kale. Wamo binadamu na nyani, simbilisi na baadhi ya popo.

Na samaki je?

Maini mabichi

Kwa muda mrefu swali hilo halikuulizwa, kwa sababu samaki wa kufugwa walikula vitu vibichi. Marekani, miaka ya 1920, vituo vya kuzalisha samaki aina ya trauti viliwalisha vifaranga maini na nyama mbichi. Ilikuwa gharama na ilikuwa inaoza. Clive McCay na wenzake wakajaribu kutengeneza chakula kikavu, chenye protini, mafuta na wanga kwa vipimo vizuri kabisa.

Vifaranga wakala, wakakua kwa wiki kadhaa, kisha wakaanza kufa. Ukiwaongezea maini mabichi kidogo, wanaishi. Mwaka 1927 wakaandika kwamba ndani ya nyama mbichi kuna kitu fulani ambacho kinapotea ikikaushwa, wakakipa jina la muda: H. Leo tunajua hakikuwa kitu kimoja, bali vitamini zaidi ya moja, hasa zile za kundi B zinazohusika na kutengeneza damu. Lakini wazo lilikuwa limeshasimama: samaki anaweza kushiba na bado akafa kwa kukosa lishe.

Baadaye yakajengwa mabwawa makubwa ya umeme kwenye mto Columbia, magharibi mwa Marekani. Yakaziba njia ya samaki aina ya samoni wanaopanda mto kwenda kutaga. Serikali ikaamua kufidia kwa kuzalisha mamilioni ya vifaranga vituoni. Huwezi kuwalisha mamilioni kwa maini. Hapo ndipo anapoingia John Halver, ambaye wataalamu wengi wa fani hii humwita baba wa lishe ya samaki.

Halver, kwenye maabara ya Cook, jimbo la Washington, alitengeneza chakula cha viungo vilivyosafishwa kabisa, kiasi kwamba alijua kila kitu kilichomo. Kisha akawa anaondoa vitamini moja moja na kutazama kinachotokea. Fikiria mpishi wa pilau anayepika sufuria kumi, kila moja akiacha kiungo kimoja, ili ajue harufu ipi inatoka wapi. Mwaka 1957 akachapisha matokeo ya vitamini zinazoyeyuka kwenye maji kwa vifaranga wa samoni. Kila upungufu una alama zake. Ukiwanyima vitamini B1, wanapoteza mizani na kugeukageuka majini. Ukiwanyima asidi ya pantotheni, matamvua yanavimba na kushikamana, samaki anashindwa kupumua. Ukiwanyima folasi, damu inapungua na matamvua yanakuwa meupe.

Vitamini C ilichelewa kidogo. Mwaka 1965 Kitamura na wenzake huko Japani walieleza juu ya trauti waliopinda mgongo kwa kukosa vitamini hiyo. Mwaka 1969 Halver na wenzake wakathibitisha kwa samoni na trauti, wakapima na kiasi kinachohitajika. Ni kidogo mno: kwa vifaranga wa kawaida, kati ya miligramu 50 na 100 kwa kila kilo ya chakula. Chukua kilo ya unga, weka kiasi kama cha punje chache za mchele, hicho ndicho kinachoamua kama mgongo utanyooka.

Mgongo kama mtepe

Kwa nini mgongo? Zamani kwenye pwani hii kulikuwa na mitepe, majahazi ambayo mbao zake hazikupigiliwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Mbao zikiwa nzuri namna gani, kamba ikiwa haikusokotwa vizuri, chombo kinafumuka.

Mwili una kamba yake, inaitwa kolajeni. Inashikilia ngozi, mishipa ya damu, na ndiyo inayotangulia ndani ya mfupa kabla chokaa haijakaa. Nyuzi zake husokotwa tatu tatu, na vitamini C ndiyo inayowezesha msokoto huo ukaze. Ikikosekana, kamba inalegea. Kwa baharia, mishipa ya fizi inavuja damu. Kwa kifaranga anayepiga mkia kutwa nzima, mifupa laini ya mgongo inashindwa kuhimili mvuto wa misuli yake mwenyewe, inapinda, wakati mwingine inavunjika. Ugonjwa ni ule ule wa São Rafael.

Samaki wengi sana wa leo, wakiwemo sato, perege, kambale, mwatiko na samoni, wamepoteza jeni ile ile tuliyoipoteza sisi. Lakini siyo wote. Papa bado anajitengenezea. Na kamongo naye! Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu kamongo wa Afrika Magharibi ulionyesha kwamba anatengeneza vitamini C kwenye figo na kwenye ubongo. Yule samaki anayedharauliwa kwa sura yake ana ujuzi ambao wewe na mimi hatuna.

Kwa nini tangini, siyo bwawani?

Mwaka 1973 Richard Lovell wa Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, alichapisha utafiti kuhusu kambale wa Marekani waliofugwa kwenye vizimba. Waliolishwa chakula kisicho na vitamini C walipinda migongo. Wafugaji walikuwa wameshauona ugonjwa huo na kuuita mgongo uliovunjika. Tazama neno "vizimba". Ndilo linalotupeleka kwa shemeji.

Bwawa la udongo ni jiko. Jua linapiga, mbolea kidogo inaingia, maji yanakuwa ya kijani. Ile rangi ya kijani ni mimea midogo midogo isiyoonekana kwa macho, na imejaa vitamini C. Wadudu wadogo wanaila mimea hiyo, vifaranga wanawala wadudu na mimea pia. Mfugaji akitupa pumba, anaongeza tu nguvu. Vitamini inapikwa na bwawa lenyewe, bure.

Ufugaji wa samaki wa mabwawa ulianza kujaribiwa nchini mwaka 1949, Korogwe na Malya, na kufikia 1968 mabwawa yapatayo 8,000 yalikuwa yamechimbwa. Mengi yalikufa kwa kukosa matunzo, maji na vifaranga. Lakini mahali yalipofanya kazi, samaki walikula majani, pumba, na vile bwawa lilivyopika lenyewe.

Kisha ufugaji ukabadilika. Ardhi imekuwa ghali, watu wanataka samaki wengi mahali padogo: tangi la saruji, tangi la plastiki, kizimba. Ni maendeleo, hatuyapingi. Ila ukimhamisha samaki kutoka bwawani kwenda tangini, umemtoa jikoni. Kuanzia hapo, kile usichokitia kwenye chakula hakipati popote. Maji meupe ambayo mzee wetu anajivunia ni sahani tupu iliyooshwa vizuri.

Jambo hili ndilo tunalotaka ulikumbuke hata ukisahau majina yote ya Wazungu humu ndani. Upungufu wa vitamini kwa samaki mara nyingi hauanzi kwa sababu mfugaji ni mzembe. Unaanza pale anapokuwa makini zaidi: anasafisha, anachuja, anabadilisha maji, anasongamanisha. Kama mabaharia, amekwenda mbali na shamba bila kubeba machungwa.

Kwa nini wadogo ndio wanaoanza?

Sababu ya kwanza ni kasi. Kifaranga wa sato anaweza kuongeza uzito mara mbili ndani ya siku chache. Kila siku anasokota kamba mpya, na akiba yake ni ndogo.

Sababu ya pili ni maji yenyewe. Vitamini C inayeyuka majini upesi. Punje kubwa ya chakula inahifadhi kidogo ndani yake, lakini chakula cha vifaranga ni unga au chenga. Chenga zikikaa majini dakika chache, sehemu kubwa ya vitamini imeshaondoka. Ni kama kuloweka majani ya chai: ukiyasaga, rangi inatoka haraka zaidi.

Sababu ya tatu inatoka kwa mama. Mwaka 1986 Soliman, Jauncey na Roberts, wa Chuo Kikuu cha Stirling, Uskoti, walichapisha kazi kuhusu perege wa Msumbiji. Mama aliyelishwa vitamini C aliipitisha kwenye mayai. Mama aliyenyimwa, mayai yake yaliangua vibaya zaidi na watoto wake wakawa dhaifu. Kwa hiyo yule mwenye kituo cha vifaranga ana sehemu yake pia: jinsi anavyowalisha wazazi inaonekana kwa watoto wanaouzwa.

Viwanda vilihangaika na tatizo hili kwa miaka. Vitamini C ya kawaida haivumilii joto la mashine, unyevu, hewa wala miezi ya stoo, kwa hiyo walikuwa wanatia mara kadhaa zaidi ya inayohitajika, ili hata ikipotea, ibaki. Kuanzia miaka ya 1980 zikapatikana aina zilizofungwa kwa fosfeti, ambazo zinavumilia joto na stoo, na samaki anaifungua mwenyewe tumboni. Ukisoma kwenye mfuko wa chakula cha vifaranga ukaona neno "fosfeti" pembeni ya vitamini C, ujue ni kazi ya miaka mingi hiyo.

Mtego wa samaki mbichi

Hapa mtu wa Bagamoyo atauliza: sisi tuna soko la samaki pale pwani, mabaki hayakosekani. Si tuwape vifaranga wa kambale samaki mbichi wa kusaga, kama wale Wamarekani na maini yao?

Ngoja kwanza. Miaka ya 1930 huko Minnesota, mfugaji wa mbweha aitwaye Chastek aliwalisha wanyama wake samaki wabichi, wakapooza na kufa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Kimo kwenye jamii kadhaa, zikiwemo baadhi za dagaa wa baharini. Ukiwalisha samaki wako hao wabichi kila siku, unawapa protini kwa mkono mmoja na kuwanyang'anya vitamini kwa mkono wa pili. Dawa yake ni rahisi: pika. Moto unakiharibu kimeng'enya hicho. Lakini moto huo huo, na jua linalokausha dagaa, unaondoa vitamini C. Ndiyo maana chakula cha dagaa wakavu na pumba kina protini nzuri na karibu hakina vitamini C kabisa.

Tumerudi Dunda

Sasa kopo. Mchanganyiko wa vitamini wa kuku, ambao wengi tunauita premiksi, umetengenezwa na watu wanaomjua kuku. Una vitamini A, D, E, na kundi B. Vitamini C mara nyingi haimo, kwa sababu kuku hujitengenezea. Mtengenezaji hakukosea, na mzee naye hakuzembea. Amefuata njia ya busara kabisa: samaki wanahitaji vitamini, kanunua vitamini. Ila kuku na sato waliachana zamani sana, na mmoja wao aliondoka bila ile jeni.

Tulimwambia hivyo. Akalitazama kopo muda mrefu. "Kwa hiyo yule kijana nimemsingizia?"

Tukamjibu kwa uangalifu, na wewe pia tunakuambia kwa uangalifu: mgongo uliopinda una sababu nyingi. Kuzalisha ndugu kwa ndugu kunaweza kuuleta. Joto baya wakati wa kuatamia mayai, vimelea, kuumizwa, kukosa fosforasi, vyote vinawezekana. Kinachotufanya tuelekeze kidole kwenye chakula ni lile bwawa la shemeji. Bila mfuko ule ule kugawanywa sehemu mbili, tusingekuwa na ushahidi, tungekuwa na maoni tu. Kwa hiyo ukiona vibiongo kwako, usianze na hukumu. Anza na swali: wa mfuko ule ule waliokwenda kwingine wakoje?

Na kama ni chakula, ufanye nini? Haya ndiyo tuliyomwachia mzee, na hayahitaji maabara.

Kwa wiki za mwanzo, nunua chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya vifaranga wa samaki, siyo kuku. Soma tarehe. Nunua kidogo kidogo, ukitunze mahali pakavu penye kivuli, maana joto na unyevu wa pwani hii haviipendi vitamini C. Stoo yenye unyevu inaleta kuvu pia, na hilo ni balaa jingine.

Ukichanganya mwenyewe, tafuta premiksi ya samaki, na uitie mwisho, baada ya kupika na kupoza. Ukiitia kabla ya moto, umechemsha hela yako. Lisha kidogo mara nyingi, ili chenga zisiogelee muda mrefu bila kuliwa.

Usiogope maji ya kijani. Tangi moja likiachwa lipate rangi, hilo ndilo liwe la wadogo kabisa. Kijani kisizidi tu, maana usiku mimea hiyo nayo inatumia hewa ya majini. Majani mabichi laini kama mchicha, yakikatwakatwa, sato wanayala. Na kama unafuga wazazi, walishe vizuri kabla hawajataga.

Pale Mbegani, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, kuna kampasi ya FETA, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Ufugaji wa samaki unafundishwa pale. Kwa mtu wa Dunda, ushauri uko jirani kuliko duka la kopo.

Jambo moja halina dawa: mfupa uliokwisha kupinda haunyooki. Wale vifaranga wa mzee watabaki na vibiongo vyao. Wakiishi, wanalika bila wasiwasi, kukosa vitamini hakumwambukizi mtu. Lakini mnunuzi wa sokoni hataki samaki wa herufi S, na hasara hiyo ni ya mzee peke yake.

Tulipokuwa tunaaga, alikuwa ameshatoa simu mfukoni. Tukadhani anampigia mwenye duka la chakula. Kumbe anampigia shemeji, kumwomba ndoo mbili za uchafu ule.